Mlio wa Saa Kumi na Mbili

Kwa miaka kumi na tisa nimewasha mtambo wa dizeli wa manispaa, pale juu ya mtaa wetu wa Kizwite, kila siku saa kumi na mbili jioni. Mwezi wa tano umeme wa gridi ukatufikia, na barua ikaja: mtambo uzimwe, Fundi Cleophas apumzike. Nilidhani watu watanung'unika kidogo. Hakuna aliyenung'unika. Mke wangu mwenyewe, Redempta, alinunua jiko la umeme juma hilohilo, na wala hakuona haya.

Aliyelalamika ni mtu mmoja, Mboje, mfugaji Msukuma wa upande wa bondeni, ambaye hana hata balbu.

"Fundi, umeme wenu sina haja nao," alisema. "Mimi nataka mlio."

Ng'ombe wake, alieleza, wakisikia injini inaanza kunguruma huacha malisho na kurudi zizini wenyewe. Ndiyo maana binti yake Leonia, aliyekuwa akiwafuata kila jioni, sasa anabaki shuleni kwa masomo ya ziada. Yuko kidato cha nne. Injini ikinyamaza, Leonia anarudi machungani.

"Serikali haizalishi umeme kwa ajili ya ng'ombe," nilimwambia.

"Na mimi sikuwatuma wasikilize."

Nikampeleka kwa bosi wangu, Mhandisi Wilibrodi, mtu wa kusoma kila karatasi mara mbili. Alifungua jalada, akapitisha kidole kwenye orodha ya watumiaji: nyumba, maduka, mashine za kusaga. Ng'ombe hawamo, akasema, kwa masikitiko ya kweli. Kisha akavua miwani. "Ila kwenye tangi kuna mafuta ya siku sita, na tangi halioshwi likiwa na mafuta. Yaunguze, Cleophas. Saa sijakupangia."

Siku sita hazifiki Novemba, na mtihani ni Novemba. Nilikasirika njia nzima. Kisha nikaning'iniza ringi la gari mlangoni mwa mtambo. Kila jioni nikawa nagonga ringi kwanza, mara kumi, ndipo nawasha injini, ili ng'ombe wazoee. Mama Cornelia, muuza pombe ya ulezi, aliuliza kama nimefungua shule au nimekuwa katekista. Nikamwambia nafundisha ng'ombe. Akanipa kikombe bure, kwa huruma.

Siku ya sita injini ilikohoa, ikazima yenyewe. Nilifunga mlango, nikaenda kulala na viatu.

Siku ya saba tulisimama watatu: mimi, Mboje, na Leonia, aliyetoroka masomo ili ng'ombe wakigoma awafuate. Nikagonga mara kumi. Ng'ombe kule ng'ambo wakaendelea kula. Leonia akaanza kuvua viatu vya shule. Nikagonga tena, kwa hasira sasa, wala sikuhesabu.

Fahali mmoja mwekundu akainua kichwa. Akageuka, na wengine wakamfuata. Wakapita chini yetu wakielekea zizini, nikasikia kengele za shingoni mwao. Miaka kumi na tisa wamepita hapo, sikuwahi kuzisikia.

"Asante, babu," alisema Leonia, viatu mkononi, akatimua mbio kurudi shuleni.

"Basi fundi, hadi Novemba," alisema Mboje.

Nilimwambia mimi nimestaafu, nina shughuli zangu. Kesho yake saa kumi na moja na nusu nilikuwa pale mlangoni, nimeshika nyundo, nina furaha ya kijinga.