Dakika Kumi za Wavuta Sigara

Niseme ukweli, siku ile nilikwenda kiwandani kugombana. Sikwenda kusalimia mtu.

Mume wangu ni mkata karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji. Mwaka wa kumi na tisa huu anasimama mbele ya mashine ileile, ananyanyua marundo, anapanga, anakata, anashusha. Miezi mitatu iliyopita alianguka palepale, kashika kifua, jasho linamtoka kama aliyemwagiwa ndoo. Mshtuko wa moyo. Tulikaa hospitali siku tisa. Siku ya kuruhusiwa, daktari, binti ambaye kwa umri ningeweza kumzaa mwenyewe, alituketisha akasema bila kumung'unya maneno: vidonge umeze kila siku, kazi ufanye huku ukipumzika, na sigara uiache leo, si kesho. Ukiendelea kuvuta, mshtuko utakupiga tena, na wengi hawaamki mara ya pili. Ukiacha, hatari ya kufa inashuka kwa theluthi, pengine zaidi. Aliyasema hayo akimtazama yeye, si mimi.

Na akaacha. Mtu aliyekuwa akimaliza pakiti nzima kwa siku tangu kabla hatujaoana, aliacha. Wiki mbili za kwanza alikuwa hasemezeki, anatafuna njiti za kiberiti tu. Nikawaambia watoto, mwacheni baba yenu, anapigana vita vyake.

Sasa wiki iliyopita nafua shati lake, pua ikaniambia kitu. Nikajidanganya kwamba ni moshi wa wenzake. Jumatatu ukarudi, Jumanne ukarudi, Jumatano nikakuta majivu ndani ya mfuko. Hapo nikachemka. Usiku ngapi nimelala jicho moja wazi nikisikiliza kama anapumua? Kesho yake saa nne asubuhi niliacha sare za shule za watu juu ya cherehani, nikavaa viatu nikamfuata.

Ndani ya kiwanda hakuvutwi, kwa sababu ya karatasi. Wavutaji wanatokea mlango wa nyuma, kuna benchi chini ya kipande cha bati. Nikamkuta amekaa hapo peke yake, kaegemea ukuta, sigara inawaka.

"Baba watoto," nikamwambia, "umeamua kunifanya mjane?"

Wala hakushtuka. "Kaa kwanza."

"Sikai. Nieleze nikiwa nimesimama."

Akanieleza. Pembeni ya mlango wa msimamizi kuna misumari, na kila msumari una kadi. Kadi ni za wanaovuta. Mtu anachukua yake, anatoka dakika kumi, anairudisha, mara tatu kwa zamu. Asiyevuta hana kadi, anabaki mashineni mpaka saa ya kula. Ndivyo ilivyo tangu anaanza kazi, na hakuna aliyewahi kuona ajabu.

"Niliporudi kutoka hospitali nikawatangazia kwamba nimeacha," akasema. "Wakanipigia makofi. Msimamizi akanikumbatia, kisha akaitoa kadi yangu msumarini akaitupa. Akaniambia, hongera, hii huihitaji tena."

"Halafu?"

"Halafu nikawa nasimama. Ikifika saa nne kifua kinabana. Nikatoka nikakaa hapa mikono mitupu. Siku ya pili mmoja wao akalalamika kwamba natega kazi. Msimamizi akaniambia, benchi ni la wavutaji, kama huvuti rudi mashineni. Nikaomba kadi. Nikawasha sigara moja, nikafikiri nitaishika tu."

"Na uliishika tu?"

"Mke wangu, mtu aliyevuta miaka thelathini ashike tu?"

Nikamnyang'anya ile sigara nikaikanyaga, nikaingia ndani moja kwa moja mpaka kwa msimamizi. Ni mtu mpole, mwenye miwani na kitambi, na upole wake ndio ulionikera zaidi.

"Karibu, shemeji."

"Sikaribii. Nataka kujua ni nani mwenye akili aliyeweka utaratibu wa kumpa kiti anayejiua na kumsimamisha anayetaka kupona."

Mashine moja ikazimwa, watu wasipitwe. Msimamizi akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Shemeji, utaratibu nimeukuta. Nikiruhusu mtu akae bila sababu, wote watataka kukaa."

"Moyo uliopasuka si sababu? Ila moshi ndio sababu?"

"Lakini mwenyewe hakuniambia kwamba bado anaumwa," akasema. "Alikuja akaomba kadi, nikampa kadi. Angesema daktari kamwagiza apumzike, ningemkatalia mimi? Miaka yote hii sijamsikia hata siku moja akisema amechoka."

Nikageuka. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, kashikilia fremu.

"Kwa nini hukusema?" nikamfokea mbele ya watu wote. "Mdomo huna?"

Akajibu kwa sauti ya chini, hata si ya ugomvi.

"Nitajuaje kulisema hilo, mama? Nyumbani nikikaa bila sigara unanituma. Nyuzi zimekwisha, bomba linavuja, mtoto achukuliwe. Nikiwasha sigara ndipo unaniambia, toka nje huko na moshi wako. Nje huko ndiko nilikokuwa napumzika. Juzi nimekaa sebuleni kifua kinabana, ukaniuliza kama sina kazi."

Kweli niliuliza. Nilimwuliza hata sijainua macho kwenye cherehani, na yeye akanyanyuka akaenda kuninunulia vifungo. Msimamizi naye akawa anatazama sakafu, kwa adabu, jambo lililoniuma kuliko angecheka.

Nikachukua kiti cha ofisini cha msimamizi, kile chenye vigurudumu, bila kuomba. Nikakisukuma katikati ya wale wanaume mpaka mbele ya mashine ya kukatia.

"Kaa," nikamwambia mume wangu.

Hakukaa. Alisimama akinitazama usoni, akingoja kusikia namtuma wapi.