Mtungi wa Mama Mkwe na Maji ya Bwana Eom

Harufu ilinipokea nje ya geti. Nilikuwa natoka Misa ya asubuhi, shela yangu nyeupe bado iko kichwani, nikajiuliza, leo nani kafungua mtungi wake? Sosi ya soya iliyokaa miaka na miaka haifanani na ile changa. Ni nzito, ina utamu kama wa sukari guru iliyoungua kidogo. Nikasukuma geti. Harufu ilikuwa ya kwangu.

Sakafu ya ua ilikuwa nyeusi kutoka jukwaa la mitungi mpaka karibu na baraza. Mitungi mingine yote imesimama. Uliovunjika ni ule mmoja wa pembeni, wa mama mkwe wangu. Ubavu umefunguka wote, na katikati ya vigae yamelala maboksi mawili ya kabichi za chumvi nilizoagiza, maana ilikuwa majira ya kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha ya kula mwaka mzima.

Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa picha kutoka kampuni ya kupeleka mizigo majumbani. Kwenye picha, maboksi yangu yamepangwa juu ya mfuniko wa mtungi, moja juu ya jingine, yamenyooshwa kama zawadi. Chini imeandikwa: "Mzigo wako umefikishwa salama. Asante."

Nikatazama picha, nikatazama ua, nikatazama picha tena. Nikakaa palepale kwenye ngazi.

Sosi ile mama mkwe alinikabidhi nikiwa bibi harusi, naye alikabidhiwa na mama mkwe wake. Kila masika tunaongeza sosi mpya ndani ya ile ya zamani, kamwe hatufanyi kinyume, na tunachota upawa mmoja tu siku ya kuwakumbuka marehemu wetu. Ndiyo mbegu ya nyumba. Binti yangu Yeon-ju aliikataa miaka yote, akisema ghorofani kwao itanuka, majirani watamsema. Mwaka huu mwenyewe ndiye aliyepiga simu: "Mama, nikija kwenye kimchi, nipe na mimi mbegu." Niliposikia hivyo niliwasha mshumaa kwa Bikira Maria. Alikuwa anakuja Jumamosi.

Mal-sun, jirani yangu, alichungulia juu ya ukuta.

"Yesu na Maria! Agatha, umevamiwa?"

"Nimeletewa kabichi," nikasema.

Akaja mbio na viatu vya bustani, akashika kichwa. Kisha akaninyang'anya simu, akaipigia kampuni. "Haloo! Nyie mnaleta mizigo au mabomu? ... Nisubiri? Nisubiri nini, dada, mtungi ujiunge wenyewe?"

Yeye akipiga kelele, mimi nikasogea nikainama. Kitako cha mtungi kilikuwa kimebaki kizima, kimekaa wima kama bakuli, na ndani yake sosi kiasi, nyeusi, inang'aa. Chini kabisa yaliganda yale mawe ya chumvi ambayo huota kwenye sosi kongwe.

"Mal-sun," nikasema, "mbegu ipo."

Nilivua shela yangu ya Misa, nikakifunika kitako kile vumbi lisiingie. Sosi ya namna hiyo huwezi kuimimina katika chombo chochote tu. Lazima gudulia lifukizwe kwanza kwa moshi wa mabua ya mpunga, likauke, lipoe. Mal-sun alikuwa na gudulia zuri na mabua makavu. Tukaenda kwake kufukiza, yeye akikohoa na kuilaani kampuni, mimi nikisali rozari kimoyomoyo. Nilikuwa nimeshaanza kutulia.

Tuliporudi, gudulia nimelikumbatia likiwa bado na uvuguvugu, nilidhani nimekosea nyumba.

Ua ulikuwa unametameta. Hapakuwa na kigae hata kimoja. Sakafu imesuguliwa, maji bado yanatiririka kwenye mfereji. Maboksi ya kabichi yako barazani, yamepanguswa. Shela yangu imesuuzwa, imeanikwa kwenye kamba, imebanwa kwa vibanio viwili, nyeupe kuliko nilipoiacha.

Katikati ya ua alisimama mwanamume wa suti na viatu vya mpira, anakunja mpira wangu wa maji. Akainama mpaka kiunoni.

"Naitwa Eom, mama, msimamizi wa kampuni tawi la hapa. Samahani sana kwa usumbufu. Tumekusafishia."

Mal-sun akaniwahi: "Umesafisha nini wewe?"

"Ule uchafu wote, mama. Na kile kilichobaki chini, tumekimwaga kabisa."

Nilibana gudulia kifuani nisiliangushe.

Getini alikuwapo Du-sik, dereva wetu wa siku zote, kofia mkononi, amejipinda kama kamba aliyechemshwa. Ni mtu anayetuletea mizigo hadi kanisani. Hakuinua macho.

Bwana Eom alikwisha kuandaa maneno. "Mama, hutahangaika na kitu. Mtungi mpya unakuja kesho. Sosi tutakuletea katoni nzima, ile nzuri ya dukani. Na gharama haikuhusu wewe wala ofisi. Huyu bwana ndiye aliyeweka mzigo mahali pasipofaa, atawajibika mwenyewe. Kuanzia kesho njia hii atapewa mwingine."

"Si mfanyakazi wenu?" nikauliza.

"Kisheria hapana, mama. Ana gari lake. Ni bosi wa nafsi yake."

"Bosi!" Mal-sun akacheka kwa hasira. "Bosi gani anavaa jina lako kifuani na mgongoni? Hata kofia yake ina jina lako!"

Nikamgeukia Du-sik. "Mwanangu, siku zote mizigo yangu unaiweka barazani. Leo ilikuwaje?"

"Nisamehe, mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mgongo umekatika tangu juzi. Siwezi kuinama mpaka barazani. Mfuniko ule ulikuwa usawa wa kiuno. Nikasema niuweke hapo, utauona vizuri. Nilipokwisha kupiga picha nikaondoka."

"Kwa nini hukupumzika?"

Alimtazama Bwana Eom, kisha akatazama chini. Niliyaona macho yale. Nimeishi na mume mgonjwa wa mapafu aliyetoka kazini kila siku akisema hajambo. Najua mtu anayekatazwa kusema anavyotazama.

"Alikuomba ruhusa, Bwana Eom?"

"Mama, haya ni majira ya kabichi. Kila nyumba inaagiza. Kama hakuleta mtu wa kumshikia zamu..."

"Basi nisikilize." Niliweka gudulia chini taratibu. "Mtungi kauvunja Du-sik, na nimemsamehe. Mtungi ni udongo. Mbegu ilikuwa hai, nimeifunika kwa shela ya kanisani, kila mwenye macho angejua huo si uchafu. Wewe umeifunua. Umeifua shela. Mbegu hukuimwaga kwa mkono wa Du-sik, yeye hawezi hata kuinama. Umeimwaga kwa mkono wako, na mpira wangu. Hilo nalo atalipia nani?"

Aliutazama mpira aliokuwa ameushika, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyempa.

"Kwetu pia," akasema, akasita. "Bibi yangu kule Namwon alikuwa na ule mtungi wa pembeni. Hatukuruhusiwa kuugusa." Akameza mate. "Sikufikiri, mama. Naapa, nilifikiri naonyesha adabu."

"Piga simu ofisini. Sema hapa hapa, tukusikie."

"Nikisema hivyo, kazi yangu..."

"Na ya Du-sik?"

Bwana Eom akatoa simu. "Mkuu? Niko kwa yule mama. Si dereva peke yake. Alikuwa mgonjwa, nami nilijua. Na kilichobaki nimekimwaga mimi. Ni kosa letu." Upande wa pili zikalipuka kelele nyingi. Akaiondoa simu sikioni, akaiacha ipige kelele peke yake.

"Vigae viko wapi?" nikauliza.

Macho yake yakakimbilia kwenye lori lililosimama nje ya geti. Vilikuwa vinakwenda kutupwa. Akaenda mwenyewe, akavuta gunia, akapiga magoti na suti yake kwenye sakafu yenye maji, akavitoa kimoja kimoja mpaka akakipata kitako. Akakigeuza.

Mawe ya chumvi yalikuwa bado yameng'ang'ania chini, meusi kama kioo cha moshi. Maji yamekula ya juu tu. Nikalikwangua moja kwa ukucha, nikaliweka ulimini.

Mama mkwe wangu alikuwa pale pale.

Nililia mbele ya wanaume, jambo ambalo sijafanya tangu mazishi. Tukayabandua mawe kwa kijiko cha mti, nikayaweka ndani ya gudulia, nikamimina juu yake sosi yangu changa kutoka mtungi mwingine. Kwa mara ya kwanza nilianza upya badala ya kuongeza. Nikafanya ishara ya msalaba, nikafunika.

"Itashika, mama?" Bwana Eom akauliza, bado yuko chini.

"Sijui. Njoo masika unuse."

Du-sik alivuta pumzi getini, mkono kiunoni. Nikamwambia aingie akalale kwenye sakafu ya chumbani iliyopashwa moto, mizigo iliyobaki ataimalizia bosi Eom.