Shuka la Lastiki

Fundi alikuwa bingwa wa cherehani, hilo tusimnyime, lakini mguu wa mtu si kitambaa. Mkewe alikuwa na ugonjwa ule unaofanya kinga ya mwili itafune ngozi ya mishipa ya fahamu. Emesi, daktari aliuita. Usiku miguu yake ilikakamaa na kuruka, na Fundi akala mateke mpaka kukucha. Basi akafanya alichozoea kufanya kitambaa kikiteleza: akabana. Alishona shuka zito, akalitia lastiki pande zote, akawa anamwingiza mkewe humo kila jioni, miguu imenyooka.

Mateke yakazidi. Mke akanyamaza. Fundi naye akawa hana huruma wala hasira. Anashona, analala, anapigwa. Ukimuuliza habari, anakwambia nzuri.

Siku moja shemeji yake akapiga simu: Jumapili angekuja kumchukua dada yake. Mke mwenyewe ndiye aliyemwita. Fundi akasema sawa, akaendelea kupinda suruali ya mteja.

Jumapili, muuguzi wa kliniki, aliyekuja kumkagua mgonjwa, ndiye aliyetangulia kufika. Akalishika lile shuka.

"Nani kashona hili?"

"Mimi."

"Umelishona vizuri. Ila ndilo linaloamsha miguu. Misuli ikibanwa inakataa. Mfunike kitu chepesi, asikose dawa yake ya jioni. Mguu ukikakamaa, usishindane nao. Kunja goti taratibu, ushikilie mpaka ulegee."

Muuguzi alipoondoka, Fundi akamgeukia mkewe. "Mbona hukuniambia linakuumiza?"

"Nikwambie nini? Umenipima kwa futi yako, ukaninyoosha, ukanifunika mpaka kifuani, neno hunisemeshi. Nikajua sanda hiyo, Fundi. Nikaona bora nikafie kwa kaka."

Alisema hivyo kama anayeomba chumvi.

Fundi akachukua wembe, akaanza kufumua lastiki. Alitaka kulia, machozi yakagoma. Hata shemeji alipoingia na kuuliza mizigo iko wapi, hakuinua kichwa.

Mara mguu wa kulia wa mke ukakakamaa kama ubao. Fundi akaacha wembe, akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya goti la mkewe. Akakunja kidogo, akangoja. Mguu ukagoma. Akangoja tena. Shemeji alikuwa keshaubeba mkoba wa dada yake, kasimama nao mlangoni.

Polepole mguu ukalegea.

"Kaka, weka mkoba chini," mke akasema. Kisha akamtazama mumewe. "Na huu wa kushoto."