Oili Ikitoka Nyekundu

Mume wangu alipopata kiharusi, upande mmoja wa mwili ulikufa, na ulimi ukafa nao. Alibakiwa na mkono wa kushoto, macho, na sauti moja tu: ba-ba-ba. Nyumba nzima mimi ndiye ninayemwelewa, basi nikawa mkalimani wake. Akitoa sauti, binti yangu huuliza, "Mama, baba anataka nini?" nami hujibu, "Anataka uji usio na sukari." Uji wa namna hiyo hakuwahi kuupenda tangu nimjue. Lakini tangu augue amekuwa mpole, haombi makuu, tena ana shukrani. Majirani wanasema maradhi yamembadilisha. Mimi nasema kazi yangu ni kutafsiri tu.

Kitu kimoja sikumnyima: gari lake. Alikuwa fundi makanika, na gari lile la bluu, la gia za otomatiki, alilifufua mwenyewe kutoka kwenye mabati ya kutupwa. Kila asubuhi nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi uani, mkwe wangu, mume wa binti yangu, akaliwasha, naye mzee akafumba macho akisikiliza injini kama mtu anayesikiliza habari za kwao. Baada ya hapo ndipo alipokubali kumeza dawa. Siku asipolisikia, dawa alizitema.

Na mimi gari lile nililijua kuliko walivyodhani. Miaka thelathini nilimshikia tochi. Mwanga ukitikisika, spana inatua kwenye vidole vyangu. Viwili mpaka leo havikunjiki. Uchungu wa kumzaa binti yetu uliponishika, alisema viti vimeshonwa upya juzi tu, nitavichafua. Nikapakiwa kwenye mkokoteni wa muuza maji, katikati ya madumu. Yeye akatangulia na gari, viti vitupu, kwenda kunishikia nafasi hospitali. Watu humsifu mpaka leo kwa kuwahi.

Sasa mkwe. Mkwe wangu ni mtu mwema, kazi yake ni kugonga mihuri ofisini. Jumamosi moja akasema oili ya injini imefika wakati wake, na ataibadilisha mwenyewe hapahapa uani, kwa sababu ameona kwenye simu. Akaegemeza simu kwenye tofali, akalipandisha gari kwa jeki, akaweka magogo chini, akatandika boksi akalala chali. Nikamleta mzee, nikafunga breki ya kiti chake karibu kabisa, naye aone.

"Mama, nati ya kumwagia oili si ndiyo hii?" mkwe akaniuliza kutoka chini.

"Mwanangu, mimi mtu wa masufuria, nitajuaje mambo ya nati?"

Akafungua. Oili ikashuka kwenye beseni langu kuukuu, nyekundu kama sharubati.

Oili ya injini iliyotumika hutoka nyeusi kama chungu cha jikoni. Nyekundu ni ya giaboksi. Nilizimulikia zote mbili mpaka nikazijua kama ninavyojua mchuzi na chai. Mkwe alikuwa amefungua nati ya jirani. Giaboksi ndilo lililokuwa linakauka, na injini imetulia na oili yake ya zamani, tumbo limejaa.

Mzee aliona kabla yangu. Akaanza ba-ba-ba, mkono wa kushoto unapiga kiti kama ngoma.

Mkwe akatoa kichwa. "Anasema nini, mama?"

"Anasema uone oili ilivyo safi. Gari lilikuwa linatunzwa hili."

"Hata mimi nimeshangaa. Kwenye simu ilikuwa nyeusi."

"Hao si watunzaji."

Akakaza nati, akajaribu filta ikamshinda, akasema bado nzima. Akateremsha gari, akafungua boneti, akaanza kumimina oili mpya juu ya ile ya zamani. Hapo mzee akanikamata mkono. Aliubana hasa, akaniangalia. Miaka yote ya ndoa yetu macho yale yalikuwa ya kuamuru, na siku ile yalikuwa yananiomba. Gari lilikuwa bado halijawashwa. Neno moja lingetosha, na neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nikaona kumbe ana macho mazuri akiomba. Nikataka kuyatazama kidogo zaidi.

"Anasema nini tena?"

"Anasema malizia galoni yote. Usiwe bahili."

Mkwe akacheka. "Mzee bwana, hata kuumwa hakujamtoa ubosi." Akamimina mpaka tone la mwisho, akachomoa kijiti cha kupimia. "Mama, mbona imepita alama? Vidole viwili vizima."

Mzee ba-ba-ba, shingo imemsimama mishipa.

"Anasema kuzidi si kupungua," nikatafsiri.

Likawashwa, likakohoa moshi. Mkwe akatoka nalo getini kwenda kulijaribu, akashika barabara ya mlima. Sisi tukabaki uani tunasikiliza. Kwanza lilinguruma vizuri. Kisha likanguruma bila kwenda. Kisha ikaja sauti ya chuma kusaga chuma, naye mkwe, mtu wa mihuri, akazidi kukanyaga mafuta. Safari hiyo mzee hakufumba macho.

Lilirudi likisukumwa na wapita njia. Fundi wa mtaa wa pili akaingia chini, akanusa, akatoka anafuta mikono.

"Giaboksi limeungua. Injini nayo mmeishindilia oili mpaka inatapika. Nani kafanya hivi?"

Mkwe akapiga magoti mbele ya kiti. "Baba, nisamehe."

Mzee akaweka mkono juu ya kichwa chake, akampapasa kama mtoto. Kisha akauinua mkono uleule, akaninyooshea mimi kidole. Ba-ba-ba. Kidole hakikutetemeka hata kidogo. Binti yangu alikuwa ametoka jikoni, wote wakanigeukia.

"Mama," binti akauliza, "baba anasema nini?"

"Anasema uamuzi ananiachia mimi," nikamjibu. "Na mimi naona liuzwe chuma chakavu."

Likaenda wiki ileile. Pale lilipokuwa nimetundika kamba za nguo, na shuka zinakauka haraka, upepo wote ni wangu. Asubuhi bado namsukuma mzee hadi pale, nisije nikaambiwa nimemtupa. Anatazama doa jekundu la oili chini. Sauti hatoi tena, hata ile moja. Dawa anazitema.

"Mama," binti yangu aliniambia jana, "siku hizi baba hasemi kitu kabisa."

"Anasema," nikamwambia. "Anasema ameridhika."