Sindano Kumi na Nne za Moti

Mimi Cleophas, mtoto wa Bungoma, nina ugonjwa mmoja tangu utotoni: sijui kunyamaza. Wengine wana pumu, mimi nina mdomo. Na Uganda ya mwaka wa sabini na sita, ilikuwa afadhali uwe na pumu.

Wakati huo nilikuwa msimamizi wa Banda la Wanyama, Mbale. Cheo hicho, usicheke. Msimamizi mimi, mpishi mimi, mfagiaji mimi, na chini yangu walikuwa mbwa kumi na mmoja na paka ambao sijawahi kujua idadi yao. Hata kazi yenyewe niliipata kwa ujinga. Nilikuwa dereva wa Mhindi mmoja muuza vitambaa kule Jinja. Wahindi walipofukuzwa, mwaka wa sabini na mbili, yule mzee alinikabidhi lori lake na mbwa wake watatu, akaniambia, "Cleophas, nitunzie." Lori lilichukuliwa na wanajeshi siku ya tatu. Mbwa hakuna aliyewataka. Mtu mwenye akili angewaacha barabarani, apande basi arudi kwao. Mimi nikaja nao Mbale, na watu waliposikia kuna Mkenya mwendawazimu anayepokea mbwa wa Wahindi, wakaniletea na wengine. Kanisa likatoa mabati, wazee wa msikiti wakatoa kiwanja, na Hasifa, mke wa mchinjaji, akawa ananirushia mifupa juu ya ukuta, maana mbwa hakutaka hata wamnuse.

Ili watu waje kuchukua wanyama, niliweka ubao karibu na kituo cha mabasi. Kila Jumatatu niliandika kwa chaki: Habari za Banda. Upande mmoja wanyama wanaotafuta nyumba, upande wa pili habari za wale waliokwisha kuzipata. Lo, nilivyoupenda ubao ule! Watu walisimama wakasoma, wakacheka, nami nimejibanza nyuma ya fundi viatu nikiwasikiliza, kichwa kimevimba. Paka mwenye jicho moja niliandika kwamba amewahi kupigana na chui. Mbwa mzee asiye na jino hata moja niliandika kwamba haumi watoto. Nilitia chumvi, sikatai. Madukani chumvi ilikuwa haipatikani, kwangu ilikuwa tele.

Chaki nilipewa na Mwalimu Masaba wa Nakaloke, rafiki yangu. Yeye Mgisu, mimi Mbukusu, tunasikizana lugha kama ndugu. Mkewe Kagoya, Msoga wa Budondo, alikuwa akifua nguo katika nyumba ya yule Mhindi wangu, na siku walipofika bandani, mbwa mmoja kati ya wale watatu wa Jinja, jina lake Moti, alimrukia akalia kama mtoto aliyemwona mama yake. Hapakuwa na la kuuliza tena. Wakaenda naye.

Moti alikuwa mbwa mkubwa, mweusi, sura ya kutisha na moyo wa kifaranga. Basi Jumatatu moja nimeishiwa na habari, nikaandika hivi: "Moti wa Nakaloke hajambo. Amesahau kubweka kabisa. Mgeni akija, humlamba. Hulala mlango wa nyuma, karibu na kitanda cha Mwalimu, na mlango huo hauna komeo, ili atoke apendapo." Nikarudi nyuma hatua mbili, nikasoma, nikaona nimeandika vizuri. Hata koma niliweka.

Kesho yake asubuhi Land Rover ikasimama mbele ya banda. Akashuka mtu mnene, shati la maua, viatu vya kijeshi: mtu wa usalama.

"Wewe ndio naandika ile ubao?"

"Ni mimi, Afande."

"Unaandika muzuri. Mimi nasoma kila wiki."

Nikuambie aibu yangu? Nilifurahi. Miaka minne naandika, na huyu ndiye mtu wa kwanza kunisifu uso kwa uso. Nikamletea kiti. Nilikuwa karibu nimwonyeshe yule paka wa chui.

"Umeandika mulango ya nyuma haina komeo," akasema. "Ni kweli, ama ni maneno ya kuchekesha watu?"

"Afande, mimi siandiki uongo!" nikasema, kifua mbele. Miaka yote naandika uongo, na siku ya kusema ukweli nikaichagua hiyo.

"Muzuri. Ijumaa tunakuja kuchukua yeye."

"Mbwa?"

"Mwalimu."

Afande akanieleza bila hasira, kama mtu anayeeleza bei ya ndizi. Mwalimu Masaba alikuwa amewapa watoto hesabu darasani: watu mia mbili wako kwenye foleni ya sukari, sukari iliyopo ni kilo arobaini, kila mtu anapewa kilo moja; je, wangapi watarudi nyumbani mikono mitupu? Mtoto mmoja akamwomba baba yake amsaidie, na baba yake alikuwa mtu wa ofisi moja na Afande. Walioingizwa kwenye Land Rover ile, mji mzima ulijua, hawakurudi kusimulia. Na mimi, kwa chaki ya Masaba mwenyewe, nilikuwa nimewachorea ramani ya chumba chake cha kulala.

"Hiyo mbwa haina shida," Afande akaendelea. "Jumapili nilipita pale, naomba maji. Ikanilamba mukono mpaka hapa." Akaunyosha mkono nione. Kwenye kidole gumba palikuwa na kidonda kibichi, alijikata na mkebe wa nyama.

Sijui wazo lilitoka wapi. Mimi si mtu wa mawazo. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Afande, mkono huo uliuosha na nini?"

"Kwa nini?"

"Sikutaka kuandika ubaoni watu wasishtuke. Moti ana kichaa cha mbwa. Ndiyo maana habweki. Koo limefunga."

Afande aliketi kwenye kile kiti changu, na kiti kikalia. Akaniuliza mtu wa ugonjwa huo anakufaje. Nikamweleza yote: kuogopa maji, kutoka povu, kufungwa kamba kitandani mpaka roho itoke. Hapo, rafiki yangu, mtu mwingine angenyamaza. Uongo umekaa vizuri, Afande ameumeza, kazi kwisha. Lakini mimi ni mimi. Nikaona bado haujakolea, nikaongeza, "Hata mimi aliniuma wiki iliyopita!" Nikapandisha suruali, nikamwonyesha kovu la waya wa banda.

"Na wewe umechomwa sindano?"

"Bado, Afande."

"Ingia kwa gari. Twende pamoja."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Niliingia Land Rover ile kwa miguu yangu, Hasifa akinichungulia juu ya ukuta, mkono mdomoni, akijua ndiyo kwaheri.

Hospitalini tulipokewa na Sista Hajara, mwanamke wa taratibu sana. Akasema dawa ipo, ni sindano kumi na nne, moja kila siku, na huchomwa tumboni. Kisha akaitoa. Mimi niliwahi kuona sindano kama ile kwa daktari wa ng'ombe. Afande akaitazama, akanitazama mimi.

"Anza na yeye," akasema. "Mimi naangalia."

Sitaki kukudanganya kwamba nilivumilia. Nilimwita mama yangu kwa Kibukusu, "Mayi! Mayi!" hadi wagonjwa wa wodi ya pili wakauliza nani amefiwa. Afande zamu yake ilipofika, alimwita mama yake pia, kwa lugha ya kwao.

Tulipotoka, tumeinama kama wazee wawili, akaniuliza mbwa wa namna hiyo huishi siku ngapi.

"Kumi, Afande, halafu hufa mwenyewe. Lakini kabla ya hapo usikanyage hata kizingiti. Mate yake yako kila mahali."

"Hakuna mutu yangu naenda huko," akasema. "Tutangoja siku kumi. Mwalimu hana pa kwenda."

Mchana ule ule nilipanda baiskeli kwenda Nakaloke. Kila shimo la barabara lilinipiga tumboni. Nilimkuta Masaba anasahihisha madaftari, Moti kajilaza miguuni pake. Nikamwambia yote mbio mbio. Unajua alifanya nini? Alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Cleophas, hii uandike ubaoni! Inampita yule paka wa chui!"

Nikaapa kwa Biblia, akacheka zaidi. Nikaapa kwa kaburi la baba yangu, akaniuliza kama si baba yule yule niliyesema yuko hai mwezi uliopita. Na kweli nilikuwa nimesema hivyo. Nilikaa pale nikaona rafiki yangu anakwenda kufa, na kinachomuua si mlango usio na komeo. Ni mimi, kwa sababu sikuwa na neno hata moja lililobaki la kuaminiwa.

Kagoya akatoka jikoni, unga mikononi. Alikuwa amesikia.

"Shemeji, pandisha shati."

Nikapandisha. Pale palipochomwa palikuwa pamevimba kama andazi. Akapabonyeza kwa kidole, nikapiga yowe, Moti akakimbilia chini ya kitanda.

"Huyu ninamjua," Kagoya akamwambia mumewe. "Ni mwongo, na ni mwoga. Mwoga hachomwi sindano ya tumbo kwa ajili ya mzaha. Funga mzigo, Baba Wamboga."

Masaba akaacha kucheka. Nikamwambia ni mimi niliyeandika habari za mlango, anisamehe, na machozi yalikuwa yananitoka kabisa. Akakunja madaftari.

"Ungeandika kwamba mbwa anauma," akasema.

Hilo tu. Afadhali angenipiga. Asubuhi yake waliondoka na kikapu kimoja, mtoto wao Wamboga, na Moti kwenye kamba, kama watu wanaokwenda matangani kwa wakwe huko mlimani. Njia za miguu za mlima ule zinajua kufika Kenya.

Mimi nilibaki na sindano kumi na tatu, na hakuna pa kukimbilia. Nikiacha kwenda, Afande atajua. Basi kila asubuhi tulikaa benchi moja, yeye na mimi, matumbo wazi. Siku ya tatu nililijua jina lake kwenye kadi: Gaster. Siku ya tano aliniomba nimshike mkono wakati wa kuchomwa. Niliushika. Mkono ule ulikuwa umewafanya nini watu, sikutaka kujua, na bado niliushika, naye akaubana wangu mpaka vidole vikafa ganzi. Kuna siku nilimwonea huruma, na nikajichukia kwa huruma hiyo. Alinisimulia kuhusu mama yake, nami nikamsimulia kuhusu paka. Ubaoni sikuandika tena neno.

Siku ya kumi na moja watu wake walikwenda Nakaloke, wakakuta nyumba tupu. Siku ya kumi na mbili hakunisalimu. Ya kumi na tatu pia hakunisalimu, wala hakuomba mkono. Nilichomwa sindano ile bila kuisikia, kwa woga.

Siku ya mwisho alingoja Sista Hajara atoke, akafunga vifungo vya shati moja moja.

"Mwalimu amepotea," akasema. "Mbwa pia imepotea."

"Pole, Afande."

"Kama wewe ulidanganya mimi, sitaki kujua. Nikijua, hii sindano yote nimechomwa bure. Na mimi hakuna mutu anaweza kunichoma bure."

Nikajaribu kunyamaza, na kwa mara ya kwanza maishani nikaweza.

"Sasa sikia. Ile karatasi ya kukamata Mwalimu ilikuwa na jina mbili. Ya pili ni Mkenya ya banda. Watu nasema huyu Mkenya anajua kila nyumba iko na mbwa gani, na nani nalala wapi. Nasema ni jasusi. Mimi nimekalia hiyo karatasi. Mutu umelia na yeye siku kumi na nne, utamuchukua namna gani?" Akasimama. "Lakini Ijumaa nahamishwa. Anakuja mwingine. Huyo hajui tumbo yako."

Akaondoka bila kuaga. Nilibaki benchini peke yangu. Siku zote zile nilikuwa nikijipiga kifua moyoni kwamba mimi ni shujaa, nimeokoa mtu. Jina langu lilikuwa chini ya la Masaba tangu mwanzo, wino mmoja. Na Mungu ananijua: kama ningelijua hilo siku ya kwanza, nisingepanda baiskeli kwenda Nakaloke. Ningempita Masaba njiani bila salamu, nikimbilie mpaka wa Malaba.

Ilikuwa Jumatatu. Nilimwita Hasifa, nikampa ufunguo wa banda juu ya ukuta. Aliupokea kwa ncha ya kanga.

"Kuwagusa sitawagusa, kaka," akasema. "Lakini njaa hawatalala."

Nikavaa koti, nauli ya Malaba mfukoni, nikapita katikati ya mbwa kwenda langoni. Wote kumi na mmoja walisimama wakatikisa mikia, yule mzee asiye na meno mbele yao, kwa sababu saa ile huwa nakwenda kuchukua mifupa. Nikataka kuwaambia kitu cha kweli, walau wao.

"Narudi jioni," nikawaambia, nikafunga lango.