Kuchelewa Kidogo Tu

Dhoruba ilipiga saa saba mchana, ukumbi wa abiria wa uwanja wa ndege ukiwa umefurika watu. Kwa dakika tano ilimenya nusu ya paa kama chungwa, ikabwaga ngazi ya ndege juu ya bawa, ikaacha mizigo ya watu inaelea.

Mtangazaji wa uwanja, mwanamke mwenye sauti ya asali, aliyaona yote kupitia kioo cha kibanda chake. Meneja aliingia, suruali ameikunja hadi magotini, viatu mkononi.

"Tangaza ndege zitachelewa kidogo," alisema. "Changamoto ndogo ya kiufundi. Paa usilitaje."

"Bosi, paa lenyewe halipo."

"Ndiyo maana. Utatajaje kitu kisichokuwepo?"

Kazi ni kazi. Akabonyeza kitufe, akatangaza. Huko chini mamia ya watu, wameloa chapachapa, wakatazama mawingu juu ya vichwa vyao, kisha wakatazamana.

Alirudia kila nusu saa. Mara ya nne mlango ukagongwa. Alikuwa shangazi yake, aliyekuwa asafiri siku hiyo kwenda kumwona mjukuu. Sanduku kichwani, maji yanamchuruzika puani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ile sauti ni yako?"

"Ni yangu."

"Nimekulea mimi. Ulivunja mtungi, ukaja kusema mwenyewe. Leo jumba zima limevunjika, unaniambia changamoto? Kuna mama pale chini anamkinga mwanawe kwa trei ya plastiki. Nimemwambia aondoke, kakataa. Eti anasubiri ndege, umesema inachelewa kidogo."

Mtangazaji alisikia uso unamwaka moto. Akakibonyeza tena kitufe.

"Jamani, paa limeng'oka. Leo hakuna ndege, na kesho sidhani. Wenye watoto na wazee, nendeni ghala la mizigo, kule ni pakavu. Wa karibu, rudini nyumbani. Poleni sana."

Mtu mmoja akacheka, na ukumbi mzima ukamfuata. Watu wakabebeana mizigo, wakashikana mikono majini. Haikupita saa moja, yule mama alikuwa ghalani, ameketi juu ya kasha, mtoto kalala.

Meneja alipanda ngazi mbiombio, mishipa ya shingo imemsimama. Kabla hajafungua kinywa, waandishi wa habari wakamfuata na kamera. Akakunjua suruali, akakohoa.

"Sisi," alisema, "tuliamua kuwaambia abiria ukweli tangu dakika ya kwanza."

Wiki iliyofuata wakubwa walimpa meneja cheti cha uwazi, kimewekwa kwenye fremu. Mtangazaji alipewa barua ya onyo kwa kutumia maneno yasiyoidhinishwa. Aliisoma mara mbili, akatia sahihi, akashika zamu yake. Lakini ilimuuma, mwezi mzima alipishana na meneja mlangoni bila hata salamu.