Faili la Mzee Ntakilutimana

Kisa hiki hutakisikia kwa mtu mwingine kabla ya Xavery mwenyewe. Ukiingia tu ofisini kwake pale Bugarama atakuwahi kukusimulia, na kila akisimulia anajiongezea ujinga kidogo, kama mpishi anayeonja mchuzi na kuongeza chumvi. Lakini siku kilipotokea hakuwa na kicheko hata cha dawa.

Xavery alitoka Nyantakara kule Biharamulo miaka sita iliyopita, akaja kufungua ofisi Bugarama. Alikuja na kompyuta moja ya mezani, mashine ya kutolea kopi, na cheti cha mafunzo ya wiki nane alichokigongelea ukutani kwa misumari minne. Chini ya cheti aliandika kwa rangi nyekundu: INJINIA WA WINDOWS. Hakuna aliyempa uinjinia huo. Alijipa mwenyewe, na kwa kuwa hapakuwa na wa kushindana naye, ukamganda.

Alikuwa na mambo mawili ya kujivunia. La kwanza ni kuchapa. Maneno ya mteja yalitoka sikioni mwake yakashukia vidoleni bila kupitia kichwani. Ungemsomea barua ya posa au ya kufukuzwa kazi, akimaliza hakumbuki hata moja ilihusu nini. Yeye aliita hiyo siri ya kazi.

La pili ni Kiswahili sanifu. Mteja akisema "balua", Xavery alimrekebisha papo hapo.

"Siyo balua, mama. Sema balua."

Wateja walitazamana. Nyani haoni kundule. Tangu utotoni r na l zilikuwa zikibadilishana viti kinywani mwa Xavery, na masikio yake yalikwishazoea. Ya wenzake aliyasikia yote, yake hakusikia hata moja.

Basi Ijumaa moja, yapata saa nne asubuhi, akaingia Mama Ildefonsa, mjane wa Mzee Ntakirutimana, amejitanda kitenge na mkononi ameshika bahasha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata yale maneno ya mzee."

Xavery aliyajua maneno hayo, au tuseme alijua kwamba yapo. Miezi minane nyuma mzee alipita hapo na mkewe, wako njiani kwenda hospitali, mzee akafanyiwe upasuaji. Mkwe wao Aline, mke wa mwana wao Fideli, alikuwa ndiyo kwanza ana mimba, baada ya miaka tisa ya kungoja. Mzee alisema upasuaji si kunywa chai, kwa hiyo anataka kuacha maneno yake kwa wanawe, pamoja na jina la mjukuu. Akayasema, Xavery akayachapa. Walipofika kwenye jina, mzee alimwambia mkewe atoke nje kwanza. Siku hiyo wino wa printa ulikuwa umekwisha. "Nitayachukua nikirudi," mzee alisema. Hakurudi kwa miguu yake.

Sasa mtoto alikuwa amezaliwa, wa kike, na ubatizo ulikuwa kesho yake.

"Katekista Gervasi anataka jina kabla ya saa tisa aliingize kitabuni," alisema Mama Ildefonsa. "Fideli mwanangu amekataa katakata kumpa mtoto jina jingine wakati baba yake aliacha jina. Na jina analijua marehemu, na hiyo kompyuta." Akamtazama. "Na wewe. Si ulilisikia?"

Xavery alijikuna kisogo. Kulisikia alilisikia. Alijaribu kulikumbuka akaona koti la mzee, akaona fimbo yake imeegemezwa kwenye meza, akasikia na kikohozi. Jina halikuja. Siri ya kazi ilikuwa imefanya kazi yake.

"Kompyuta haisahau, mama," alisema kwa sauti ya kiinjinia. "Kalibu, keti."

Akabonyeza kitufe. Kioo kikabaki cheusi, kisha yakatokea maandishi meupe yaliyosema kwamba mashine haioni pa kuwakia, na mtumiaji abonyeze kitufe chochote ijaribu tena.

"Imesemaje?" aliuliza Mama Ildefonsa.

"Inaamka."

Haikuamka. Xavery aliizima akaiwasha mara nne. Akaulaumu umeme, ingawa feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa chake. Akafungua boksi la mashine, akapuliza vumbi mpaka likamrudia usoni akapiga chafya saba. Akachomoa memori, akaisugua kwa ufutio wa penseli kama walivyofundishwa wiki ya tano, akairudisha. Kioo kikasema yale yale.

Saa sita Gervasi alipiga simu kuulizia. Xavery alikuwa amekaa sakafuni, skrubu zimemzunguka, na shati la kazini limegeuka la gereji.

"Mama," alisema, "Windows imekufa. Itabidi nipige nyingine, niiweke upya."

"Ukipiga nyingine, maneno ya mzee yanabaki?"

Hapo palikuwa na uongo mzuri wa kusema, na Xavery hakuwa mgeni wa uongo. Lakini yule mama alikuwa anamtazama usoni, ameikumbatia bahasha yake.

"Yanaweza kufutika," alisema.

"Basi nitakuwa nimemzika mara mbili," alisema Mama Ildefonsa, wala hakuwa anamlaumu mtu. "Sikuwa naye alipokata roho, mwanangu. Waliniambia nikapumzike. Hayo maneno ndiyo ninayoyangoja mimi. Fanya unaloweza."

Xavery aliona aibu. Kwa sababu lile analoliweza ndilo lilikuwa hilo hilo la kufuta, mengine hakuyajua. Akachukua flashi ya kupigia Windows. Matundu ya mbele yalikuwa mabovu, hivyo akazunguka nyuma ya mashine, akapapasa. Tundu la nyuma lilikuwa na kitu ndani yake.

Ilikuwa flashi ya kwaya. Tangu jana yake jioni alipokuwa anawanakilia nyimbo alikuwa hajaichomoa. Asubuhi nzima kompyuta ilikuwa inaitafuta Windows ndani ya flashi ya kwaya, inakutana na sauti ya kwanza na besi.

Akaichomoa. Alipojiinua, kiwiko chake kikagonga kibodi, na kioo kikajaa rangi ya bluu, mashine ikawaka vizuri kabisa kama mtoto aliyeshiba usingizi.

"Ulifanyaje?" aliuliza Mama Ildefonsa, ameinuka kitini.

"Mambo ya kitaalamu," alisema Xavery, na akaificha flashi ya kwaya mfukoni.

Basi ikabaki kutafuta faili. Mama Ildefonsa alitoa ndani ya bahasha kadi ya misa ya mazishi yenye jina kamili la marehemu. Xavery, asije akakosea, alilinakili herufi kwa herufi: Ntakirutimana. Kompyuta ikasema hakuna. Akatafuta wosia. Hakuna. Akatafuta jina la mtoto, akatafuta mjukuu, akatafuta mpaka Bugarama. Yalikuja matangazo ya mikutano na mwaliko wa harusi mmoja. Saa nane ikapita.

"Mama, nisamehe," alisema, na safari hii sauti ya kiinjinia ilikuwa imemkimbia. "Humu hakuna faili la Mzee Ntakilutimana."

"La nani?"

"La Mzee Ntakilutimana."

Mama Ildefonsa aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. "Hivyo hivyo," alisema. "Hata siku ile ulimwita hivyo. Akakwambia yeye si Ntakilu, ni Ntakiru. Ukamjibu, 'Ndivyo nilivyosema, mzee.' Alicheka mpaka nikamshika mgongo. Hebu andika unavyosema wewe."

"Mimi ninasema Ntakilutimana."

"Ndiyo. Andika hiyo."

Xavery akaandika, akitupia jicho ile kadi. Mama Ildefonsa, aliyeishia darasa la nne, alisogea akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa umeweka r. Weka ile nyingine, iliyosimama kama mti."

Akaiweka. Faili likajitokeza hapo hapo, peke yake: *mzee ntakilutimana maneno.*

Xavery aliliangalia muda mrefu. Masikio yalimchoma. Miaka sita alikuwa amerekebisha Kiswahili cha kata nzima, wazee kwa vijana, na wote walimvumilia.

Akabonyeza afungue. Kompyuta ikauliza: nifungue kwa programu gani? Hapo hakuhitaji kuambiwa kosa ni la nani. Wakati wa Krismasi alifanya usafi. Aliona kila faili lina kimkia cha nukta na herufi mwishoni, akaona ni uchafu, akakaa siku mbili anaikata mikia hiyo moja moja. Kila alipokata, Windows ilimuuliza kama ana hakika, naye akajibu ndiyo, mara mia tatu na zaidi. Tangu hapo mafaili ya wateja yaligoma kufunguka, naye aliwaambia ni virusi. Sasa virusi vilikuwa vimekaa kitini, vimevaa shati lenye vumbi.

Akaurudisha mkia. Faili likafunguka.

"Soma," alisema Mama Ildefonsa.

Alianza kusoma, na mstari wa pili tu akatamani ardhi ipasuke. Alikuwa amechapa kila kitu. Kila neno lililotoka kinywani mwa mzee lilikuwa pale, lililokusudiwa na lisilokusudiwa.

"*Mimi Ntakilutimana nikiwa na akili timamu, usicheke Fonsa, andika akili timamu. Shamba la migomba la bondeni lisigawanywe mama yenu akiwa hai. Fonsa nisogezee maji. Asante mama. Umeandika na asante mama? Futa hiyo. Haya tuendelee.*"

"Nitayasafisha, mama, haya ni makosa ya..."

"Soma."

Akasoma ya ng'ombe, akasoma ya kuelewana ndugu, akafika mwisho.

"*Ametoka? Chungulia. Haya. Akiwa wa kiume aitwe Hakizimana. Akiwa wa kike aitwe Iteka. Iteka ni heshima, Fideli analijua neno hilo. Ni kwa ajili ya huyu aliyesimama nje. Miaka alobaini na moja amenipa heshima mbele za watu, hata siku ambazo sikuistahili, na sijawahi kumwambia. Hilo usiandike. Nitamwambia mwenyewe njiani tukiludi. Xavely, nimesema usiandike.*"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho. Xavery hakuthubutu kugeuza shingo. Alisikia kitenge kinapangusa uso, kisha pumzi moja ndefu.

"Rudia hapo mwisho," alisema Mama Ildefonsa.

Akarudia. Akaombwa tena, akarudia tena, na mara ya tatu sauti yake mwenyewe ilikatika katikati. Simu ya mama ikalia, ilikuwa robo saa kabla ya saa tisa.

"Gervasi, andika Iteka," alisema, machozi yanamtiririka, na kicheko nacho kinampanda. "Ndiyo, Iteka. Halina r wala l, hata Injinia hawezi kulikosea."

Printa siku hiyo ilikuwa na wino. Kabla ya kubonyeza, Xavery aliomba angalau aziweke sawa zile herufi, na aondoe maji, na usicheke, na futa hiyo, ili wanawe wasome kitu chenye heshima.

"Ukigusa hata nukta nitakuchapa," alisema Mama Ildefonsa. "Na mimi sichapi kwa kompyuta."

Karatasi ikatoka. Aliikunja ndani ya bahasha pamoja na kadi ya misa, akaibana kwapani, akaenda mpaka mlangoni. Pale akageuka, akatazama cheti chenye misumari minne na maandishi mekundu chini yake.

"Mwanangu," alisema, "ningepata fundi anayejua kazi, haya nisingeyasikia kamwe. Asante."

"Kalibu tena, mama," alisema Xavery, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akajisikia ile l.